Bibi ameandikwa "mjane": kukisoma cheti cha ndoa cha zamani

Msomaji mmoja wa Chikongola, Mtwara mjini, ameniandikia hivi. Nimepunguza salamu na nimeondoa majina:

"Shikamoo mzee. Baada ya bibi mzaa mama kufariki tulifungua sanduku lake tukakuta cheti cha ndoa yake na babu. Juu kimechapwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mkoa wa Mtwara. Ndoa ilifungwa Mikindani, 12 Mfungo Sita 1374, lakini cheti kimetolewa 1973. Bibi ameandikwa mjane, umri miaka 18, kabila Mmakua. Sisi wote tunajua babu ndiye mume wake wa kwanza, na kwetu tunajiita Wayao. Walii, yaani aliyemwozesha, ni mzee tuliyekuwa tukimwita mjomba wake bibi. Mahari shilingi 60, taslimu 20. Babu amepiga dole gumba, naye alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani! Halafu pameandikwa kuwa ni ndoa ya wake wengi, na mama yangu amekasirika mpaka leo. Je, karani alikosea? Mti wa ukoo niuandike kwa kufuata cheti au kwa kufuata wazee?"

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Karani huenda alikosea, lakini si pale mnapodhani. Katika yote uliyoyataja, mimi naona jambo moja tu la kulitilia shaka sana, nalo ni ule umri wa miaka 18, ambao nyinyi wala haukuwashtua.

Kwanza tujue mnachokishika mkononi. Karatasi hiyo ni ya 1973, haikuwapo siku ya harusi. Jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964, na mwaka 1954, ambao ndio 1374 ya cheti chenu, Mkoa wa Mtwara haukuwapo; huku kwetu kote palikuwa Jimbo la Kusini. Hata mji wa Mtwara wenyewe ulikuwa mchanga. Uliinuliwa na ule mradi wa karanga wa Nachingwea ulioanza 1947, ukaletewa bandari na reli. Mji wa wazee ulikuwa Mikindani, penye boma la Mjerumani la 1895, ndiyo maana ndoa yao ilifungwa huko. (Na mwenye cheti cha Nachingwea cha miaka ya 1960 kinachosema "Mkoa wa Mtwara" asidhani amepewa karatasi ya kughushi. Mkoa wa Lindi ulikatwa kutoka Mtwara mwaka 1971 tu.)

Kwa hiyo kati ya harusi na wino kuna miaka kumi na tisa. Sheria ya Ndoa ilianza kazi tarehe 1 Mei 1971, ikataka ndoa ziandikishwe, na watu waliooana zamani kwa sheikh na mashahidi, bila karatasi yoyote ya serikali, wakaanza kufika ofisini kutafuta cheti. Mwingine alikitaka kwa ajili ya kiinua mgongo, mwingine hati ya kusafiria, mwingine aliogopa ndugu wa mume. Kilichoandikwa ni kumbukumbu ya mtu aliyesimama mbele ya meza siku ile ya 1973, ikapita katika sikio la karani, ikalazimishwa kuingia katika visanduku vya fomu. Angalia mwandiko. Kama jina la babu, la bibi, la walii na la mashahidi yote yana herufi zilezile, mkia uleule wa "y", basi mwandishi ni mmoja, na hapo ujue hakuna "sahihi" yoyote ya mwaka 1954 humo ndani.

Nayajua haya kwa sababu nimekikalia kile kiti. Nikiwa karani kijana katika ofisi moja ya wilaya huku kusini, alikuja mzee na mkewe kuandikisha ndoa yao ya zamani. Nikamuuliza mzee, "Jina la baba?" Akanitajia. Nikaandika, nikagonga muhuri. Mkewe akaangua kicheko: "Huyo si baba'ke, ni mjomba'ke!" Mzee akashangaa kweli kweli. Akasema yeye kaulizwa baba, na baba ni aliyemlea, akamtia jandoni, akampa shamba. Sikuwa na fomu nyingine siku ile. Cheti kile mpaka leo kipo kwa watu, na mjukuu wake akikisoma atamhesabu mjomba kuwa ni babu.

Sasa tuje kwenye cheti chako. Tarehe 12 Mfungo Sita ni siku ya Maulidi. Kwa hesabu ya mwezi, 12 Mfungo Sita 1374 inaangukia tarehe 8 Novemba 1954 au karibu yake. Ongeza au punguza siku moja kwa sababu mwezi huandama kwa macho. Inawezekana ndoa ilifungwa siku yenyewe, maana harusi za msimu wa Maulidi si jambo geni Mikindani. Lakini inawezekana pia kwamba bibi alisema "ilikuwa wakati wa Maulidi" na karani, aliyetaka tarehe, akaweka 12. Mimi kwenye mti wa ukoo ningeandika "Novemba 1954, wakati wa Maulidi". Na unapozitafsiri tarehe za namna hii, kumbuka siku ya Kiislamu huanza magharibi. Mzee akisema nikahi ilikuwa usiku wa Ijumaa, kwa kalenda ya ukutani huo ni usiku wa Alhamisi. Kwa kosa hilo moja watu wamegombana kuhusu tarehe ambazo zote zilikuwa sawa.

Neno "mjane" ndilo lililowatoa roho, nami nalipenda kuliko yote, kwa sababu ni vigumu mtu kulizua. Mwanamke anayekuja kuandikisha ndoa yake hana sababu ya kujiongezea mume. Ila msikimbilie kumwandika marehemu. Zamani, na kwa wengine hata leo, mjane ni mwanamke asiye na mume baada ya kuwa naye, awe amefiwa au ameachwa. Kwa hiyo cheti kinachokuambia kwa hakika ni hiki: kulikuwa na mume kabla ya babu yako.

Kama alifiwa, unaweza kujua zaidi. Eda ya aliyefiwa, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, ni miezi minne na siku kumi. Rudi nyuma kutoka 12 Mfungo Sita: unapita Mfungo Tano, Mfungo Nne, Mfungo Tatu, unafika tarehe 2 Mfungo Pili 1373, yaani mwanzoni mwa Julai 1954. Mume wa kwanza alikuwa ameshafariki kufikia hapo. Kama bibi alifiwa akiwa na mimba, eda yake iliisha kwa kujifungua, na hesabu hiyo haifai. Hapo sasa uulize swali la pili, kwa upole: mama yako mkubwa au mjomba wenu mkubwa alizaliwa lini? Ukoo mwingi wa huku una mtoto wa kwanza ambaye "amefanana na upande wa mama tu". Wazee wanajua, ila hawajaulizwa na mtu waliyetaka kumjibu.

Tuje kwa walii, na hapa cheti cha kusini kinatofautiana na cha sehemu nyingine nyingi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, walii hutoka upande wa baba: baba mwenyewe, babu mzaa baba, kaka, mtoto wa kaka, ami na wanawe. Mjomba hamo. Lakini Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera huhesabu ukoo kwa mama. Mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake, na mshenga humwendea yeye. Basi katika ndoa moja kuna wazee wawili, mmoja wa sheria na mmoja wa mila, na fomu ina mstari mmoja tu. Nimekuta vyeti ambavyo sheikh amemwandika mjomba kwa kuwa ndiye aliyesimama, pengine kwa uwakala wa baba aliyekuwa mbali. Nimekuta pia kinyume chake: mtu ambaye familia ilimwita mjomba kumbe ni ami, ila wajukuu walishasahau.

Cheti chenyewe kinaweza kukuamulia. Chukua jina la bibi kwa urefu wake na jina la walii kwa urefu wake, uyaweke juu na chini. Tuseme bibi ni Fatuma binti Saidi bin Hamisi, na walii ni Bakari bin Hamisi. Hamisi wanagongana, kwa hiyo huenda Bakari na Saidi ni ndugu wa baba mmoja, na Bakari ni ami, familia imwite itakavyomwita. Kama hawagongani popote, huenda ni mjomba kweli, au ni wakili tu. Angalizo moja: jina likiishia "bin Abdallah", usijenge juu yake. Aliyesilimu mtu mzima mara nyingi alipewa Abdallah mahali pa baba, na pwani yetu ya Kilwa, Lindi na Mikindani ilipitisha watumwa wengi waliofika bila ukoo wa kutaja. Abdallah wawili kwenye karatasi moja wanaweza wasiwe na udugu wowote.

Jina la bibi pia lisikushangaze likiwa geni. Jandoni na unyagoni watu wa huku walibadili majina. La utotoni likaachwa, na aliyekuita kwa hilo baada ya kutoka alikuwa amekutusi. Nduguye wa kuzaliwa anaweza kumtaja kwa jina moja, cheti kwa jingine, na wote wasiwe na kosa. Na herufi nazo hutembea: Mmakonde husema N pale karani alipoandika M, na "ch" ya Kiyao karani wa pwani aliweza kuigeuza "ki" akidhani anasahihisha Kiswahili.

Kabila. Kama ukoo ni wa mama, na bibi ni mama wa mama yako, basi kwa mila ninyi ndio Wamakua! Uyao wenu huenda ni wa babu, au ni wa kijiji mlichokulia, maana kuanzia Masasi mpaka Mikindani watu wameoleana kiasi kwamba nyumba moja inaweza kujibu makabila mawili. Muulize mama kama bibi aliwahi kumtajia nihimo lake. Hilo ndilo jina la ukoo kwa Wamakua, na wanawake hulishika hata wanapokuwa wamesahau lugha. Ukilipata, limekufungulia njia ndefu kuliko cheti. Na mtu mwingine akikuta kwenye cheti chake "Mmawia", ajue babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wengi wao wakija kukata mkonge mashamba ya Lindi. Ni Wamakonde, jina la Mawia walipewa na wenzao, na wenyewe hawakulipenda.

Dole gumba la mwalimu wa chuo halina ajabu hata kidogo. Babu alijua kusoma na kuandika, ila kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana barua wazee wengi wa pwani. Karani wa 1973 alizoea herufi za Kirumi, akamsogezea kidau cha wino. Mimi nimeona wazee wakipiga dole halafu wakainamisha uso. Kigeuze cheti mgongoni, ukiangalie penye mwanga. Wengine waliomba waandike jina lao kwa Kiarabu pembeni, dogo, kwa kalamu ya karani.

Ule umri sasa. Kama alikuwa na miaka 18 mwaka 1954, alizaliwa kama 1936, akaolewa mara ya kwanza baada ya kutoka mwali. Inawezekana. Lakini Sheria ya 1971 ilimtaka msichana aliye chini ya miaka 18 awe na ridhaa ya mzazi, na mimi kwenye vyeti vya miaka ile nimeona wanawali wa miaka 18 wengi mno kuliko wa 17 na 19. Karani alikuwa anajiepushia maswali. Andika "kama 1936, haijathibitishwa", kisha utafute alama ya wazee: alikuwa mkubwa kiasi gani treni ya karanga ilipoanza kupita, alitoka unyagoni pamoja na nani. Umri wa shoga yake wa unyago ukijulikana, na wake umejulikana.

Mwambie mama atulie kuhusu wake wengi. Sheria hiyohiyo huihesabu kila ndoa ya Kiislamu kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitike vinginevyo. Mstari huo unaeleza aina ya ndoa. Idadi ya wake wa babu haimo. Mahari nayo msiicheke. Kwa watu wanaohesabu kwa mama, mkwe alitaka mikono ya kulima kuliko fedha, na bwana harusi alihamia kwa mkewe. Kilicho na faida kwako ni zile shilingi 40 zilizobaki. Hilo ni deni, hulipwa akiachwa au mume akifa, kabla ya mirathi kugawanywa. Babu alipofariki, kama kulikuwa na karatasi ya mirathi mahakama ya mwanzo, deni hilo linaweza kutajwa, na majina ya warithi yatakuwa hapohapo chini yake.

Kuna wasomaji wa Masasi, Ndanda na Nyangao ambao vyeti vyao ni vya kanisa. Niwape yao kwa kifupi. Daftari za Wabenediktini, wamisionari Wakatoliki, ziliandikwa Kilatini: filius ni mwana wa, filia ni binti wa, vidua ni mjane, testes ni mashahidi. Ukipata jina la parokia alikobatizwa, nenda kwenye daftari la ubatizo hata kama ndoa ilifungwa kwingine, kwa sababu sheria ya Kanisa Katoliki inataka ndoa ionyeshwe pembeni mwa jina la aliyebatizwa. Pembeni hapo nimepata ndoa ambazo cheti chake kililiwa na mchwa zamani. Waanglikana wa Masasi walianza 1876 na watu waliokombolewa utumwani, walioletwa kutoka Zanzibar, kwa hiyo majina ya kwanza ya huko hayana baba wa huku. Na mtu asitarajie mengi ya kabla ya Vita vya Majimaji. Mwaka 1905 misheni za Masasi, Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto.

Kwa wewe, hatua inayofuata ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, uombe kuona daftari ambalo cheti hicho kilitolewa, kwa namba iliyo pembeni juu. Kama halipo, nakala ya kila ndoa hupelekwa kwa Msajili Mkuu, siku hizi RITA, wakala wa serikali wa usajili. Nenda pia BAKWATA, baraza la Waislamu, ofisi ya wilaya, na msikiti wa Mikindani, maana masheikh wengine walikuwa na madaftari yao wenyewe. Kwenye mti wako wa ukoo weka kila jambo mara mbili, cheti kinavyosema na wazee wanavyosema, pamoja na jina la aliyekuambia. Usifute hata kimoja kwa sasa.

Na "mkazi wa" iliyoandikwa kwenye cheti, uichukue kuwa ni ya 1973. Miaka ile watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Walipokuwa wakiishi 1954 sasa ni mahame, na ukipaendea utapajua kwa miembe mikubwa iliyosimama mstari porini bila nyumba.

Limebaki jambo moja ambalo hukuniandikia. Kila cheti kina mashahidi wawili, na mimi nikipewa karatasi ya ndoa huanza na hao, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya juu yao. Nyumba ya kusini, ikishamweka walii wa upande wa baba kwenye mstari wake, humweka mjomba kwenye ushahidi ili naye awemo. Nitumie majina yao yote mawili kwa urefu, na vijiji vyao, hata kama kimoja kinasomeka nusu.